Mkeka wa Dhiraa Saba

Haya, sogeeni, na wewe unayetafuna karanga tafuna polepole. Leo sitaki wasikilizaji, nataka mahakimu.

Palikuwa na wanafunzi watatu waliotoka kwetu wakaenda kusoma Hungaria, nchi ya baridi isiyo na mnazi wala mkindu. Wa kwanza Mwanakheri, binti wa Wete kule Pemba. Kafupi, kaoga, simu ikilia kanashtuka, lakini vidole vyake sasa! Bibi yake alimfundisha kusuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonewa tepe nyingine mpaka uwe mkeka, tangu hajang'oka meno ya utoto.

Wa pili Lwidiko wa Kyela, msomi wa kilimo. Huyu kusema kwake ni kwa kupimiwa, ila mpe jani lolote atakwambia linafaa kwa nini. Wa tatu Kadzo wa Kilifi, mrefu, na mdomo Mungu kamjalia. Mwaka mmoja tu alishaishika lugha ya wenyeji, anataniana na wauza mboga sokoni.

Chuo chao kilikuwa na ruzuku ndogo kwa wanafunzi wa kigeni wenye kazi za sanaa na utamaduni. Si ya kutajirisha mtu, ni ya kununulia vifaa. Ila atakayeshinda kwenye maonyesho ya mwezi wa tatu angepewa nafasi ya mwaka mzima katika karakana ya chuo, akae na mafundi, afanye kazi yake. Mwanakheri aliposikia hilo, raha ikamwisha. Masomo yake yalikuwa yanakoma mwezi wa sita. Aliutaka mwaka ule kuliko kitu chochote, na hakumwambia mtu, aliogopa kuonekana mchoyo.

Wakakubaliana watengeneze mkeka wa harusi.

Kadzo akaijaza fomu, akasimama mbele ya kamati. Mzee mmoja akamuuliza, "Mkeka wa kulalia ndiyo sanaa?" Kadzo akamjibu, "Mzee, na wewe umeoa, kitanda chako kilipambwa au hakikupambwa?" Kamati ikacheka, ruzuku ikatoka.

Lwidiko akatafuta majani. Wiki mbili alizunguka na mabuti ya shambani, mpaka nyuma ya bweni lao akakuta bwawa lililojaa majani marefu, jamaa na yale wanayofumia kwao Kyela. Akayakata, akayaanika ubarazani, akayachana. Chumba chake kikanuka tope msimu mzima.

Na Mwanakheri akasuka. Akitoka darasani akasuka, akiamka asubuhi akasuka. Theluji ikaanguka ikayeyuka, yeye yuko na ukili wake pajani, roho juu: utakamilika hautakamilika?

Ukakamilika! Jumatatu ya wiki ya maonyesho wakaubeba mpaka ukumbini, ambako fundi alishachonga fremu kwa kufuata vipimo vya fomu. Wakautandaza ndani yake. Lahaula! Mkeka ukaishia njiani. Huku juu umefika, kule chini fremu imebaki wazi, mtoto angeweza kulala hapo.

"Kazi isiyolingana na fomu haionyeshwi," alisema Mama Ilona, msimamizi wa ukumbi. "Nakuja kupima kesho asubuhi."

Wakatazamana. "Shoga, si uliniambia mkeka wa harusi kwenu ni dhiraa saba?" Kadzo aliuliza.

"Ndiyo, saba. Kiwiko mpaka ncha ya kidole, mara saba. Nimepima mwenyewe."

"Kwa mkono upi?"

"Wangu, kwani wa nani?"

Kadzo akaunyoosha mkono wake, akauweka kando ya ule wa Mwanakheri. Kumbe siku ya kujaza fomu aliupima wake, akazidisha mara saba, akaandika. Lwidiko akakohoa. "Mimi ninayo futi ya kupimia," alisema. "Iko kwenye mkoba tangu mwezi wa tisa."

"Na ulikuwa unangoja nini, we mwanaume?"

"Hamkuniuliza."

Basi Mwanakheri akakaa sakafuni. Alijiona yumo ndani ya ndege ya kurudi na vitabu vyake, karakana kapewa mwingine. Akalia waziwazi, wala hakujificha.

Kadzo hakukaa. Alikwenda ofisi ya kamati, akamwomba mwenyekiti aipime meza kwa mkono wake. Mwenyekiti akapata nne. Akamwomba katibu, kijana wa kimo kifupi, naye akapata tano. "Meza imerefuka?" Kadzo akauliza. Wakacheka hadi machozi, akawaeleza yaliyoupata mkeka, wakasogeza ukaguzi mpaka Alhamisi, saa ya kufungua milango.

Lwidiko hakukaa. Majani yalikuwa yamekwisha, na yaliyosimama bwawani yalikuwa makavu, ukiyakunja yanavunjika. Akavua mabuti, akaingia kwenye maji ya barafu mpaka kiunoni, akavuta yale yaliyozama, yaliyokuwa laini bado. Alitoka midomo imegeuka rangi, meno yanagongana, na mzigo begani.

Mwanakheri naye akafuta machozi. Majani mabichi yale yalikuwa na makali. Yalimkata vidole, akavifunga vitambaa, akaendelea. Kazi ya wiki mbili aliimaliza kwa siku mbili na nusu. Alhamisi asubuhi alikuwa anakata uzi wa mwisho, na Mama Ilona yuko mlangoni na futi yake.

Mkeka ukaijaza fremu sawasawa. Na jioni ile ukatangazwa wa kwanza.

Mngedhani kilio kimeisha, sivyo? Kesho yake Mama Ilona alimkuta Mwanakheri peke yake ukumbini, akampa karatasi. "Nafasi ya karakana ni ya mtu mmoja," alisema kwa Kiingereza cha polepole. "Mkeka ni wa mikono yako. Andika jina lako, nipeleke kabla ya saa sita. Ikipita saa sita bila jina, anapewa mshindi wa pili."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano unusu. Mwanakheri akashika kalamu. Angeandika, nani angemuuliza? Akaiweka chini, akatoka kuwaita wenzake.

Wakaisoma karatasi wote watatu. Hakuna aliyecheka.

"Mimi sitasema uongo," alisema Kadzo, "naitaka. Bila mimi ruzuku isingetoka, na Jumanne mkeka ungekunjwa ukawekwa stoo."

"Na mimi naitaka," alisema Lwidiko, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia akitaka kitu. "Ungesuka nini, dada? Maneno ya Kadzo?"

Mwanakheri akavinyoosha vidole vyake. "Nami naitaka jamani. Naitaka tangu siku ya kwanza. Majani yangebaki majani na maneno yangebaki maneno. Nitazameni vidole."

Kila mmoja alijua wenzake wamesema kweli, na hilo ndilo lililowaumiza. Ikabaki dakika kumi. Mama Ilona akaja akasimama, funguo mkononi.

Lwidiko akaisukuma karatasi mbele ya Mwanakheri. "Andika wewe. Utakayemwandika sitamnunia."

"Mimi nitanuna," alisema Kadzo, machozi yakimlengalenga. "Lakini andika."

Mwanakheri akainama juu ya mstari ule, mstari mmoja tu, jina moja tu. Damu ya kidole ikagusa pembe ya karatasi. Alimtazama Kadzo, akamtazama Lwidiko, akautazama mkono wake mwenyewe.

Enhe, mahakimu, mbona mmeinamisha vichwa? Mama Ilona anangoja, na dakika zinakwenda. Je, kalamu ingekuwa mkononi mwako, na marafiki wawili wanakutazama, ungeandika jina la nani?