Chungu cha Mbegu cha Mtemi Kapembe

Isome taratibu, ikikugusa mpelekee na mwenzako.

Bi Nyamizi alikuwa akikumbuka enzi za mama yake, machozi yakimlengalenga. Zamani hizo, kabla ya mvua, kila nyumba ilipeleka konzi moja ya mbegu kwenye chungu cha mtemi. Mbegu hizo zilipandwa katika shamba la wote, akiba ya siku ya njaa. Mpiga mbiu aliimba, "Nyumba moja, konzi moja!" na watu wakitaniana njia nzima. Jamani, raha iliyoje!

Mtemi Kapembe alipotawazwa, akalegeza utaratibu: kila mtu alete kiasi apendacho. Watu wa bondeni, wenye mashamba mapana, wakaja na vikapu vya mahindi. Mtemi akawashukuru sana kwa ukarimu wao.

Bi Nyamizi aliposhuka kutoka mlimani na konzi yake ya uwele, wazee wa baraza wakamwambia, "Chungu kimejaa, mama. Humo mna mbegu za kijiji kizima."

"Kijiji kizima? Sisi wa mlimani ni nusu ya kijiji, na humo hatuna hata punje!"

Wazee wakafunika chungu. Akarudi kwake, roho ikimuuma.

Siku hizi wasomi huiita hali hiyo uwakilishi usio na uwiano: upande mmoja kujaza nafasi kupita idadi yake, mwingine kukosa hata pa kupenyeza mkono. Bi Nyamizi hakuwa na neno hilo, ila uchungu wake aliujua.

Mwaka ule mvua ikakatika mapema. Mahindi ya shamba la wote na ya bondeni yakakauka yote. Mlimani, uwele ukastahimili.

Mtemi akapanda mlima kwa miguu hadi kwa Bi Nyamizi. "Mama, watoto wa bondeni wanalala njaa. Nilikosea wapi? Mbona watu walinipa vikapu vingi?"

"Ulipokea vingi vya wale wale, baba, mahindi matupu."

Mtemi akainamisha kichwa, akingoja kufukuzwa. Bi Nyamizi akawaita majirani, wakafungua maghala, wakagawa kipimo kimoja kwa kila nyumba, ya mlimani na ya bondeni.

Msimu uliofuata, Bi Nyamizi alishuka tena na konzi yake. Kwa mbali akasikia, "Nyumba moja, konzi moja!" Akasimama, akalia kama mtoto. Aliyekuwa akiimba ni mtemi mwenyewe.

Funzo: Usiseme wote wamo kwa sababu chombo kimejaa. Uliza kwanza kimejazwa na nani, na nani amerudishwa mlangoni.