Karabai ya Ntahondi

Taa ya mtumbwi si ya macho yako. Mmeisikia leo kwa wavuvi, wajukuu zangu, mkaja kuniuliza: kama si ya macho yangu, naiwashia nini? Methali hii ilianza hivi.

Huku Ziwa Tanganyika karabai ni ya kuitia dagaa gizani. Mwezi ukijaa dagaa hawaijii taa, basi watu hupumzika na karabai huzimwa. Usiku mmoja wa mbalamwezi Ntahondi alimpakia mkewe Nyabenda mtumbwini. Uchungu wa kuzaa ulikuwa umemshika, na mkunga alikaa ng'ambo ya ghuba.

"Washa taa, Baba Chausiku," mkewe akasema.

"Na mwezi wote huu? Kwani unakwenda kuzaa dagaa?"

Nyabenda akacheka, uchungu ukamkatisha.

Maji yalikuwa meupe kama maziwa, ukungu umeyalalia, hata usijue mtumbwi unaelea ziwani au mbinguni. Kasia lenyewe lilinong'ona tu. Mara mbele yao zikatokea nyota mbili, zimeinama karibu na maji. Niwategee kitendawili: ana jicho jekundu na jicho la kijani, ukiona moja anapita zake, ukiona yote mawili anakujia wewe. Ni meli hiyo.

"Naona yote mawili," Nyabenda akasema.

"Hata mimi naiona. Itapita."

"Wewe unaiona. Yenyewe inakuona?"

Ntahondi akaacha kupiga kasia. Nyota zilikuwa zimeachana sasa, na ngurumo ya injini ilipanda kwenye mbao mpaka magotini. Akaivuta karabai, akaipiga pampu. Kiberiti cha kwanza kikafa. Cha pili Nyabenda alikikinga kwa kanga yake, na mwanga mweupe ukafunguka katikati ya ukungu.

Jicho la kijani likafumba. Likabaki jekundu peke yake, likasogea pembeni polepole, na meli ikapita kama kilima kinachohama. Mawimbi yakawapembeza.

"Nyie mmetoka wapi?" sauti ikauliza kutoka juu.

"Tulikuwa hapa hapa. Tumekuona tangu mbali."

"Mimi nilikuwa naona ukungu mtupu."

Alfajiri mtoto alilia mikononi mwa mkunga, wa kiume. Tangu hapo Ntahondi hakuvuka ghuba bila taa, hata mwezi ukiwa mpevu. Waliomcheka kwamba anachomea mafuta mwezi, aliwajibu hivyo hivyo, bila kuacha kasia: taa ya mtumbwi si ya macho yako.