Matuta ya Tusekile

Mwanamke mmoja alikuwa na bustani nyuma ya nyumba yake, mahali penye mteremko na mvua nyingi. Jina lake Tusekile. Bustani yenyewe ilikuwa ndogo, matuta sita tu, marefu, yamenyooka kutoka juu hadi chini, na kati ya tuta na tuta palikuwa na mfereji wa kupita mtu mmoja. Alipanda figiri, mnavu, karoti na kabichi kidogo. Walichokula yeye na mumewe kilitoka humo, na kilichozidi alikipeleka sokoni wakapata chumvi na sabuni.

Mumewe, Ambilikile, alikuwa amepigwa na kiharusi. Alishinda kwenye kiti mlango wa nyuma, mguu mmoja umelala, akiitazama bustani. Mtoto wao wa pekee, Lusajo, aliishi mjini, chumba kimoja, yeye na mke na watoto watatu. Akawaambia kwa upendo kabisa: bustani ikiwashinda, fungeni nyumba mje kwangu. Ambilikile aliposikia hayo hakula siku mbili, maana alitaka kufia kwake. Basi mnaelewa matuta yale sita yalikuwa na maana gani kwa watu hawa.

Sasa, kila msimu wa mvua maji yalishuka kwa kasi kwenye ile mifereji, yakauchukua udongo mweusi, yakaupitisha chini ya ua wa matete mpaka kwa jirani wa bondeni, Mama Lugano. Mvua ikikatika, Tusekile alichukua karai, akashuka, akauchota udongo wake, akaupandisha kichwani. Karai la kwanza, la pili, la ishirini. Kesho yake tena. Mama Lugano hakuwa mtu wa choyo. "Chota, mwenzangu, ni wako," alimwambia. Basi Tusekile akachota, mwaka baada ya mwaka, mpaka magoti yakaanza kulia akipanda.

Msinitazame hivyo, kana kwamba nawasimulia habari za mjinga. Mama huyu alijua kulima kuliko wengi mlioketi hapa. Kila mwaka aliitengeneza bustani yake. Alileta samadi, akamwaga majivu, akazungushia kingo za matofali, akabadilisha mbegu. Alikibadilisha kila kitu isipokuwa namna matuta yalivyolala. Na kila mwaka karai liliongezeka uzito, au shingo ndiyo iliyopungua nguvu, sijui.

Nitawaambia kwa nini yalilala vile. Alipoolewa, mkwewe, baba yake Ambilikile, alikuwa hai, na njia ya mzee ya kwenda migombani ilipita upande wa juu wa bustani ile. Kwao mkamwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami, wala hamwachi amtazame. Mzee akifika karibu hukohoa, naye mkamwana hutupa jembe na kuondoka mbele ya macho yake. Ni heshima, wala simcheki mtu kwa heshima yake. Lakini utaondokaje upesi, bustani nzima ipo mbele yako, na ukikatiza unakanyaga miche? Tusekile, bibi harusi wa miezi miwili, alifikiri vizuri. Aliyachimba matuta yaelekee chini, ili kikohozi kikisikika ateremke moja kwa moja kwenye mfereji hadi kwenye ua wa matete, ajifiche hapo. Alikimbia hivyo miaka mingi. Mzee alikohoa, yeye akashuka. Mvua ikaijua njia hiyo hiyo, na udongo ukashuka nyuma yake.

Mwaka ninaousimulia, mvua ilikuwa kali. Ilipokatika, matuta mawili ya pembeni yalibaki mwamba mtupu, mweupe. Tusekile alishuka na karai lake, akalijaza, akainama alinyanyue, mgongo ukakataa. Akabaki vilevile ameinama, ameshika masikio ya karai, hawezi kwenda juu wala kukaa chini. "Mama Lugano," akasema, "njoo unione. Nimekwisha." Kisha akalia, maana akilini alimwona Ambilikile akifungiwa godoro juu ya gari la kwenda mjini.

Mama Lugano alimkalisha kwenye jiwe. Akalibeba karai yeye, akapenya kwenye matete, akapanda. Siku zote alipomtembelea jirani yake alipitia mlango wa mbele kama mgeni mstaarabu, akakaa sebuleni, akanywa chai, akaondoka. Huku nyuma hakuwahi kufika. Alipofika juu alitua karai, akageuka, akayatazama matuta yote sita yakimshukia jirani yake kule chini. Akamwuliza Ambilikile pale mlangoni, haya matuta mbona yamelala hivi? Ambilikile akainamisha kichwa, akasema ni kwa ajili ya baba.

Mama Lugano akashuka bila karai. Akachuchumaa mbele ya mwenzake, akamwambia: "Mama Lusajo, mzee tulimzika, huu mwaka wa tisa. Mimi nilipika pale matangani. Sasa unamkimbia nani?"

Mnadhani Tusekile alifurahi? Watu hupenda kusema kwamba mtu akiona kosa lake hufurahi. Yule alihesabu makarai ya miaka tisa, akashika shingo yake, akachoka upya, uchovu kuliko ule wa kwanza. Alipokuwa hai mzee, karai lile lilikuwa na sababu, na mtu anaweza kubeba mzigo mzito wenye sababu. Hii miaka tisa ndiyo iliyomwuma.

Mgongo ulipopoa, wanawake wale wawili walivuta kamba, wakachomeka vijiti, wakayavunja matuta yote, wakayalaza upya yakiukatiza mteremko. Ilikuwa kazi ya siku sita. Ambilikile alikuwa akiwaelekeza kwa fimbo kutoka kitini, mara nyingi vibaya, nao wakimwitikia ndiyo, baba, ndiyo, huku wakifanya yao. Mvua iliyofuata ilinyesha mchana. Tusekile alisimama mlangoni, karai mkononi kwa mazoea. Maji yalifika kwenye tuta la kwanza yakatulia, yakazama. Udongo ulibaki.

Ningeweza kuishia hapo mkaenda nyumbani mmeridhika. Lakini siku chache baadaye, Tusekile akiwa anapalilia, mpita njia mmoja alikohoa kule juu. Mtu tu, ana mafua yake. Tusekile akatupa jembe akakimbia kuteremka, mbio zile zile za ubibi harusi, na kwa kuwa mfereji haukuwepo tena, alikanyaga miche ya kabichi, akajikwaa kwenye tuta, akaanguka kifudifudi. Alilala pale uso kwenye udongo wake mwenyewe. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka Ambilikile akauliza kuna nini. Akainuka taratibu, akairudishia ile miche mmoja mmoja, akaendelea kupalilia. Hawakuhamia mjini.

Ndugu zangu, nawaona mlivyochoka. Mmekuja hapa na shingo zimeinama, nami pia yangu inauma, na mwaka huu mtatengeneza tena bustani zenu, mtaleta samadi, mtabadilisha mbegu. Fanyeni. Lakini kabla hujainama kulinyanyua karai lako, nenda kasimame juu ya shamba la maisha yako, uitazame mifereji uliyoichimba ukiwa kijana ili upate pa kukimbilia, kisha ujiulize: huyu ninayemkimbia, tulimzika lini?