Kuku Aliyejifanya Mzima

Wewe unayecheka huko nyuma, koma! Eti kuku hawezi kumdanganya kiboko. Wewe umewahi kufuga nini? Chawa? Kaa kitako usikilize.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na kelele zao, Kiboko alifuga kuku. Mmoja alimwita Sikudhani. Alimpenda kuliko mkewe, na mkewe alijua.

Kila asubuhi alikwenda bandani, ti! ti! ti!, ardhi ikitikisika. "Sikudhani weee! Umeamkaje, mama?"

Sikudhani huyo, wima, shingo juu, ko! ko! ko! anadonoa.

"Mzima wa afya!" Kiboko akajisifu.

Sasa, juu ya ukuta wa banda alikaa Kindi, bibi mdogo hivi, kikombe kimoja kinamtosha kuogea. Kutwa yuko pale anatafuna karanga, na macho hayalali. Siku moja akateremka.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Kuku wako anaumwa."

"Marahaba. Anaumwa wapi? Hukumwona anavyodonoa?"

"Anadonoa, hamezi."

Nyati, shemeji yake Kiboko, alikuwa amekuja kusalimia na mpaka siku hiyo hajaaga. Akaguna, "Kuku akiumwa dawa yake kisu. Mchinje kabla hajafa, tupate mchuzi."

"Hachinjwi mtu hapa!" Kiboko akafoka. "Mzima huyo! Na wewe Kindi, usinitabirie msiba!"

Kindi akaona: akinyamaza, Sikudhani anakufa. Akibishana, hasikilizwi. Akajikuna sikio.

"Haya, nimekosea mimi. Ila mahindi yako yanaibwa bandani, mzee. Mwizi huja jua likiwa utosini."

"Mwizi!" wakanguruma wote wawili.

"Shhh! Jificheni nyuma ya ukuta, mchungulie kwenye tundu. Mkikohoa tu, kakimbia."

Wakachuchumaa, milima miwili. Nzi akatua puani kwa Nyati, hakuthubutu kumpuliza. Kimyaaa.

Mwizi hakuja. Lakini kuku wengine walipokimbilia maji, Sikudhani alibaki pembeni. Alipodhani hatazamwi, shingo ikazama mabegani. Manyoya yakatutumka kama ana baridi, na jua lile! Mabawa yakalegea, akafumba macho. Kishungi, kilichokuwa chekundu, kimepauka kama kitambaa cha kufutia sufuria.

"Uwiii!" Kiboko akaropoka.

Sikudhani akashtuka. Wima! Ko! ko! ko! Anadonoa pasipo na hata punje.

"Ananificha! Mimi baba yake, ananificha!"

"Kuku mgonjwa akijulikana, wenzake humdonoa," Kindi akasema. "Kwa hiyo huficha. Na wewe ukija na vishindo vyako, unampigia hodi ajiweke sawa."

"Na mwizi je?" Nyati akauliza.

"Mwizi gani? Nimewadanganya. Ningewaambia mnyamaze mtazame kuku, mngekaa?"

Wakatazamana. Wasingekaa.

"Basi kisu..." Nyati akaanza.

"Shemeji, tulia. Mzee, mguse hapa chini ya shingo, kwenye gole, kile kifuko cha chakula."

Kiboko akagusa. "Pagumu kama mpira! Na leo hajameza kitu!"

"Cha jana hicho, kimekwama. Alfajiri, kabla hajala, gole huwa tupu. Bado tumewahi. Ungengoja aanguke, ungekuta mzoga."

Wakamtenga. Wakampa maji kidogo kidogo, na uji mwepesi tu. Kiboko, mvunja viti yule, akawa analikanda lile gole kwa ncha ya kidole, polepole, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Nyati akakaa kando na kisu mapajani, akingojea mchuzi.

Akangoja sana. Asubuhi moja Kiboko akanyata bandani, safari hii hata sisimizi hakumsikia. Akagusa: gole tupu, laini. Sikudhani akafumbua macho. Kwaaa! Akamrukia Nyati pajani, akamdonoa pua, akashuka kutafuta mahindi. Akadonoa, akameza!

Kiboko alilia, akamlaumu nzi kaingia jichoni. Nyati akafunga mzigo, akarudi kwao kula majani.

Mgonjwa anayejificha huonwa na anayenyamaza.

Haya, natoka nikawatazame kuku wangu. Msinifuate na makelele yenu, mtawafanya wasimame wima waniongopee. Mlango naufunga.

Pwaa!