Ndoo ya Ng'ambo ya Uzio

Ndugu zangu, mama ninayetaka kuwasimulia habari zake alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema, msije mkamdhania vibaya tukifika mbele.

Uani kwake palikuwa na bomba. Jirani yake hakuwa nalo. Jirani huyo alikuwa binti tu, huo ndio uzazi wake wa kwanza, na alijifungua kwa kupasuliwa. Mumewe alikuwa mbali kikazi, na mama yake alishafariki. Mliopitia njia hiyo mnajua: hata kukohoa unashika tumbo. Na kwetu mzazi habebi ndoo mpaka arobaini ipite. Sasa nani angemtekea maji, kiangazi kile, na chemchemi iko chini bondeni?

Mama yule hakungoja kuombwa. Alichukua mpira wake wa kumwagilia, akaulaza katikati ya magimbi yake, akaupenyeza chini ya uzio wa michongoma mpaka uani kwa binti.

"Mwanangu," akamwambia, "kila asubuhi nitakufungulia ndoo nne. Wewe tega tu."

"Mungu akuzidishie, mama."

Atazijuaje ndoo nne naye yuko upande wa pili? Saa hakuwa nayo, lakini akili alikuwa nayo. Alitega ndoo ya lita ishirini pale pale bombani, akafungua maji, akaanza kusali Baba Yetu kwa mwendo wa kawaida. Amina ya tatu ikamkuta ndoo imejaa. Basi, Baba Yetu tatu ni ndoo moja, kumi na mbili ni ndoo nne. Hesabu gani nzuri kuliko hiyo? Kila asubuhi aliunga mpira, akafungua, akasimama bombani akisali na kukunja vidole. Ya kumi na mbili ikiisha, anafunga na kuingia ndani, moyo mweupe.

Na baraka aliziona. Bustani za wenzake zilinyauka, lakini magimbi yake yalitanua majani kama miavuli. Jumapili moja alisimama kanisani kushukuru. Watu wakapiga makofi.

Siku ya ishirini na moja akapita mama muuza mboga. "Wewe, mzazi wako nimemkuta chemchemini! Kajifunga khanga tumboni, ndoo kichwani, kila hatua kumi anasimama."

"Mzazi wangu huyu ninayempa ndoo nne?"

"Labda anaoga mara tano kama bibi harusi," akacheka yule, akaenda zake.

Mama alichemka. Ndoo nne! Anazipeleka wapi? Au anataka mtaa useme kwamba ananyimwa? Akazunguka uzio kwa hatua ndefu. Alimkuta binti amekaa kizingitini, khanga imelowa, uso hauna rangi, mtoto yuko kifuani ananyonya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, nakufungulia ndoo nne. Bondeni unafuata nini?"

Binti akainama. "Yanayofika nayapokea, mama."

"Yanafika mangapi?"

"Ndoo moja na kidogo." Sauti ilikuwa ndogo sana. "Nilidhani ndiyo uliyojaliwa. Mtu akikupa maji, utaanzaje kumpimia?"

Mama hakuamini. Akarudi kwake mbio, akafungua bomba, kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya siku zote ishirini na moja: alivuka upande wa pili, akachuchumaa kando ya ndoo ya binti, akasali pale. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, amina. Akachungulia. Hata nusu hayajafika.

Akaufuata mpira kwa mkono, akirudi nao chini ya michongoma, mpaka kwenye magimbi. Hapo mguu wake ukazama kwenye tope. Tope, kiangazi kile! Mpira ulikuwa na jeraha pana, na jeraha lile lilikuwa la jembe. Jembe lake mwenyewe, alipopalilia wiki ile ya kwanza. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye mashina.

Magimbi yale aliyoyashukuria kanisani, ndugu zangu, yalikuwa yananenepa kwa maji ya mzazi.

Alikwenda akafunga bomba. Alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akaufunga mpira, akabeba ndoo mwenyewe mpaka ndani kwa binti. Asubuhi iliyofuata alisimama ng'ambo, kando ya ndoo, na ya nne ilipojaa ndipo alipokimbia kufunga.

Je, sisi? Wema wetu tunaupimia wapi? Tunahesabu yaliyotoka mkononi mwetu: nimemtembelea, nimemuombea, nimempa. Hesabu ni ya kweli, wala hatudanganyi. Lakini ni mangapi yaliyofika? Na yaliyovuja njiani yamenywesha nini, kama si magimbi yetu: sifa zetu, jina letu zuri, makofi ya Jumapili? Tumeyatazama yakistawi, tukayaita baraka.

Wala msingoje aliyepewa awaambie. Hatawaambia. Ataona aibu, atasema asante, atajifunga khanga tumboni na kushuka bondeni.

Leo tukitoka hapa, bombani tumeshasimama vya kutosha. Tuvuke uzio, tukachungulie ndoo.