Pimbi Walioziba Njia ya Mtemi

Hapo zamani za kale, na asiniulize mtu ni mwaka gani, wanyama walikuwa na nyumba zao, majiko yao na mtemi wao. Mtemi alikuwa Tembo. Kazi yake kubwa ilikuwa kula viazi vya kuchoma. Kwa ajili ya viazi hivyo alikuwa anaimaliza miti ya mlimani, kule chemchemi inakoanzia, anaichoma mkaa.

Chini ya mlima, karibu na bwawa, waliishi Bi Pimbi na dada zake wawili. Walirithi kazi kwa mama yao. Kila mwaka, masika yakiisha, walikata alama kwenye nguzo iliyosimama bwawani, pale maji yalipofika. Alama zilikuwa zinashuka. Bi Pimbi akapima, akapima tena, akaona imebaki misimu mitatu bwawa liwe tope.

Akaenda kwa Mtemi.

"Shikamoo, Mtemi. Miti ikiisha, maji nayo yanaisha. Tumepima."

"Marahaba. Mmepima na nani? Ninyi wafupi kama viazi vyangu?"

"Basi niruhusu niseme barazani."

"Barazani wanasema wakubwa. Ninyi kaeni nje mpige makofi."

Bi Pimbi akarudi nyumbani. Hakulia. Kulia hakuongezi maji bwawani.

"Dada zangu," akasema, "barazani ni nani anayesema mpaka achoke, bila kukatizwa?"

"Mtemi," akajibu dada mkubwa.

"Na nani mwingine?"

"Mshitakiwa," akasema mdogo. "Ndiyo desturi. Na kitu alichokosea nacho huletwa mbele ya watu, wote wakione."

"Haya. Kesho tunakuwa wakosaji. Nani ana ulimbo?"

Ulimbo, wajukuu zangu, ni utomvu wa mti, ule wa kunasia ndege. Ukikushika, umekushika.

Asubuhi waling'oa nguzo yao, wakaiburuta kwa jasho hadi njia ya mkaa, wakailaza katikati. Wakaipaka ulimbo, wakaketi juu yake. Nyaa! Makalio yakanata. Na kuziba njia ya Mtemi lilikuwa kosa ambalo hata mtoto mchanga alilijua.

Nyati, askari wa Mtemi, akaja akiwaongoza wabeba mkaa.

"Ondokeni hapo."

"Hatuwezi, afande. Tumenata."

Akamvuta yule mdogo mpaka akalia kwii. Hakutoka.

"Afande, unamchuna mwenzangu," akasema Bi Pimbi. "Si utupeleke kwa Mtemi hivi hivi?"

"Ndivyo nitakavyofanya. Leo mtakoma."

Akaibeba nguzo begani, nao wameketi juu safu moja, kama kuku wanaopelekwa mnadani.

Baraza lilikuwa limejaa. Tembo akatandaza masikio.

"Mnakubali kosa?"

"Tunakubali. Tunaomba kujieleza."

"Hakuna kujieleza."

Fisi, aliyekuwa mtunza desturi, akakohoa. "Mtemi, mshitakiwa hakatizwi. Babu yako mwenyewe ndiye aliyeweka hilo."

"Basi aseme upesi."

Bi Pimbi hakuwa na upesi wowote.

"Mzee Kiboko, sogea. Alama hii ya juu mama yetu aliikata mwaka ule ulipooa. Ukisimama katikati ya bwawa, maji yalikufika wapi?"

"Masikioni."

"Hii ya mwaka juzi?"

"Kifuani."

"Na hii ya masika haya?"

Kiboko akaitazama miguu yake kwa muda.

"Magotini," akasema. "Na mimi nilidhani ninanenepa."

Wakacheka, kisha kicheko kikawafia midomoni. Twiga akasema yeye alidhani shingo yake inafupika. Pundamilia akasema alidhani ni uzee, ndiyo maana siku hizi anainama sana kunywa.

"Misimu mitatu, kisha tope," akasema Bi Pimbi. "Miti ikiachwa, alama zitapanda. Nimemaliza. Tuhukumuni."

"Wafungwe!" akasema Tembo.

"Wafungwe siku moja, kosa ni kosa," akasema Kiboko. "Lakini tanuri lako silitaki."

Akatoka bila kuaga, mwili ungali na maji ya bwawani, akaenda akalikalia tanuri la mkaa. Fusss! Wengine wakafuata na tope, wakazima moto uliobaki.

Pimbi walibanduliwa kwa mafuta, wakafungwa siku yao moja, wakaimaliza kwa usingizi. Nguzo ikarudishwa bwawani. Baraza likampa Tembo kazi ya kupanda miche mlimani, na mkonga wake, tuseme ukweli, ulifaa sana kwa kumwagilia. Masika ya nne alama ikapanda upana wa kidole. Si sana, lakini Kiboko alikwenda kuitazama mwenyewe mara mbili, akarudi anapiga mluzi.

Na ninyi mlishike hili: ukikataa kumsikiliza mpima maji anapokwambia faraghani, atakwambia akiwa mshitakiwa, na kila mtu atasikia.