Meza ya Sultani Juu ya Mnara

Hapo zamani, enzi ambazo neno la mtawala lilitoka kinywani kabla hajalifikiri, palikuwa na Sultani Jabiri, naye alikuwa amenenepa hata siku moja, alipoinuka kuwapokea wageni, kiti nacho kikainuka. Wageni, kwa adabu zao, wakatazama dari.

Sultani akamwita Tabibu Masudi, akataka dawa. Tabibu akasema, "Maulana, punguza halua, acha sharubati, unywe maji. Ule samaki wa kuchoma na mchicha, tena utembee."

"Nimekuomba dawa, wewe wanipa adhabu!" akanguruma Sultani. Basi tabibu akatiwa gerezani, na mbiu ikapigwa mjini: anatakiwa mtu wa kumkondesha Sultani kwa miezi mitatu, pasina kumkataza chakula wala kinywaji, na akishindwa atamfuata tabibu; tena yeyote atakayeondoa chakula mezani kwa Sultani atakatwa mkono.

Tabibu huyo alikuwa shemeji yake Vuai, msuka mikeka, fukara asiye na kitu ila ulimi wake. Dada yake akamjia akilia, "Kaka, mume wangu ataozea mle ndani." Vuai akavaa kanzu yake yenye viraka, akaenda kwa Sultani.

"Naweza, Maulana," akasema, "ila amri yako ifuatwe kama ilivyotangazwa, isiongezwe wala isipunguzwe."

"Neno langu halibadiliki," Sultani akajibu mbele ya baraza zima.

Basi Vuai akawaambia wapagazi waipandishe meza ya Sultani juu ya mnara wa ngome, vidato mia mbili. Wapishi wakaijaza pilau, sambusa, halua na sharubati kama desturi. Chini akatandika mkeka, akaweka samaki wa kuchoma, mchicha, mapapai na mtungi wa maji.

Ikawa adhuhuri, Sultani akauliza, "Chakula changu ki wapi?"

"Mezani, Maulana."

"Na meza?"

Vuai akaonyesha juu. Sultani akawageukia watumishi. "Niteremshieni!" Wote wakaficha mikono migongoni. Mpishi mkuu akapiga magoti, akasema, "Maulana, tukiiteremsha meza vyakula vitamwagika, na tukiondoa hata sambusa moja mezani, mikono yetu itakatwa."

Sultani akafumbua kinywa aifute amri, akaona baraza linamtazama, akakifumba.

Basi akapanda. Alifika juu akitweta, pilau imekwisha kupoa. Akala, akashuka, akakumbuka halua, akapanda tena. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Siku ya tatu, magoti yakimuuma, akasimama penye ngazi akatazama juu, kisha akautazama mkeka.

"Samaki huyu wa nani?"

"Wa mwenye njaa, Maulana. Sikukatazi, wala sikulazimishi."

Sultani akaketi, akala. Tangu hapo ikawa siku nyingi hula mkekani na kunywa maji, na hamu ya halua ikimzidi hupanda kwa miguu yake. Na mara nyingi, akifika katikati, huona halua yenyewe si ya kupandiwa vidato vilivyobaki, akarudi.

Miezi mitatu ikatimia, mshipi uliokuwa haumtoshi ukamzunguka mara mbili. "Omba utakacho," akasema.

"Namwomba shemeji yangu, Tabibu Masudi."

"Yule?" Sultani akakunja uso, akafikiri, kisha akashtuka. "Ala! Mbona dawa yako ni ileile yake?"

"Ndiyo, Maulana. Kosa lake alikwambia. Mimi nilikuacha uchague."

Uso ukamwiva Sultani kwa haya, halafu akacheka hata machozi yakamtoka. Tabibu akatolewa siku ileile, akavishwa joho.

Nao watawala wa miji jirani walipomwandikia kumuuliza amekondaje, Sultani akawajibu kwamba dawa ameivumbua mwenyewe, kwa hekima yake. Barua akamsomea Vuai kabla ya kuitia muhuri, akamuuliza kama imekaa sawa.

"Imekaa sawa, Maulana," akasema Vuai. "Isipokuwa wewe mwenyewe, nani angethubutu kukwambia dawa hiyo?"